Figili za Nzioka Zimekataliwa

Kijiwe chetu ni benchi moja nyuma ya soko la Machakos, mbele ya kibanda cha Waya, fundi ambaye redio ikiingia kwake inaguruma hutoka imenyamaza kabisa. Asubuhi moja mwaka wa 2001 tulikuwa watatu na birika la kahawa ya tangawizi: mimi, Waya, na Diwani, tunayemwita hivyo kwa kuwa amegombea udiwani mara mbili akashindwa. Akaja Nzioka kutoka Muthetheni, akamwaga gunia la figili miguuni petu. Mwaka alioanza kuzilima alituletea figili nyeupe, nene, ndefu kama mkono wa mtu mzima. Hizi zilikuwa nyembamba, zimegawanyika miguu miwili miwili, na ndani ni nyuzi tupu. Broka, dalali anayewapelekea Wahindi wa Nairobi mboga, alikuwa amezikataa zote, na akasema gari lake halirudi tena Muthetheni. Nilimhurumia Nzioka, lakini kijiweni huruma husubiri mpaka kila mtu aseme lake.

Diwani: Hii ni El Niño. Ile mvua ilibeba udongo yote mzuri. Sasa mnalima mifupa ya shamba.

Nzioka: El Niño ilipita, na bado nikavuna vizuri.

Waya: Ni mnara ya simu. Mawimbi inaingia chini, mizizi ikisikia inakata kona. Angalia hii, imekata mara mbili.

Nzioka: Muthetheni hakuna mnara.

Waya: Si ndio hatari yake? Inatoka mbali.

Mimi: Na mihogo mbona haikati kona?

Waya: Mihogo iko na kichwa ngumu.

Diwani: Basi ni ndege. Kuna moja hupita usiku juu ya Konza, haina taa, inamwaga dawa. Kuna watu hawataki Mkamba auze kitu imenyooka.

Waya: Na kama haina taa, uliionaje?

Diwani: Niliisikia.

Tulicheka. Nzioka hakucheka.

Nzioka: Chekeni tu. Figili ikiisha, mimi narudi kuchota mchanga mtoni.

Kicheko kikakatika. Ukingo wa mto ulimwangukia Kioko, mdogo wake, wakipakia lori la mchanga pamoja, na Nzioka ndiye aliyemfukua kwa mikono. Baada ya mazishi aliapa hatashika sepetu ya mchanga tena. Figili ndizo zilizomwezesha kushika kiapo hicho.

Ndipo akafika Hashi, muuza ng'ombe, ambaye hakuwa amewahi kukaa na sisi. Aliomba kahawa, akaokota figili moja, akaigeuza.

Hashi: Mbegu unatoa wapi, ndugu yangu?

Nzioka: Shambani kwangu. Pakiti nilinunua mara moja tu, ile ya kwanza.

Hashi: Unaacha figili gani zitoe mbegu?

Nzioka: Zile nono broka anabeba. Hizi nyembamba, zenye zinakimbilia maua mapema, ndio naacha. Si hazina kazi ingine?

Nzioka akaiangalia ile figili mkononi mwa Hashi. Nilimwona anayasikia maneno yake mwenyewe.

Hashi: Mimi fahali mzuri siuzi.

Nzioka: Hata mahindi tunachagua. Mwaitu, mama yangu, alikuwa anatundika yale makubwa juu ya moshi, na hata njaa ikiingia hakuna mtu anagusa. Lakini figili sisi hatuli. Niliona ni kitu ya kuuza tu.

Waya: Nunua pakiti ingine.

Nzioka: Ile duka ilifungwa. Na hata jina ya hiyo figili sikushika.

Hashi: Jirani hawezi kuwa na ile mbegu ya mwanzo?

Nzioka: Majirani wote nilikuwa nawapea mimi. Kila msimu nawapimia kwa kikombe, bure. Mashamba yote kando ya mto inapanda mbegu yangu.

Hakuna aliyemlaumu, na nadhani hilo lilimuuma zaidi. Diwani alitikisa birika, akalikuta tupu. Nzioka akapiga magoti, akaanza kurudisha figili guniani moja moja, kisha akatuuliza bila kuinua uso:

Nzioka: Lori ya mchanga siku hizi inapita saa ngapi?

Sote tulijua saa. Waya aliinama, akamshikia gunia.