Zimwi la Shimo la Matofali

Kuna jambo moja sijalipatia jibu tangu nianze kusikiliza hadithi: kwa nini zimwi lina chungu? Simba hana jiko, fisi hatafuti kuni. Lakini kila zimwi nililosimuliwa na bibi lilikuwa na nyumba na moto, pengine na mke, na kuimba lilijua. Niliwahi kulipeleka swali hilo kijiweni kwetu, kwenye ubao mrefu uliolazwa juu ya madebe mawili kati ya duka la kinyozi na kibanda cha fundi viatu. Wenzangu walilitafuna kwa vikombe viwili vya kahawa, wakalitema. Lilirudi lenyewe siku ambayo wafanyakazi wa Tofali waliweka majembe chini.

Tofali ndiye mwenye shimo la udongo nyuma ya barabara kubwa, na jina tumempa sisi. Jioni hiyo alikuja na tope hadi magotini, akakaa bila kutoa salamu, jambo ambalo si lake. Kahawa ya kwanza aliinywa bila kuipuliza. Kisha akatueleza. Vijana wake walikuwa wamebandua tabaka la juu la udongo, wakakuta chini yake sakafu ngumu kama iliyochomwa, na juu ya sakafu hiyo nyayo za miguu mitupu. Nyayo pana, fupi, vidole vimetawanyika. Pembeni yake nyayo za mtoto, kila moja ikitosha kwenye kiganja. Zinakwenda pamoja hatua kumi na moja. Halafu za mtoto zinaisha, na zile pana zinaendelea peke yake.

Wafanyakazi hawakuhitaji mwalimu wa kuwafafanulia. Zimwi limemla mtoto njiani likaendelea na safari. Watarudi kazini kwa masharti mawili: Tofali aivunje sakafu hiyo kwa mkono wake mwenyewe, na asionekane mtoto tena shimoni.

Mtoto shimoni alikuwa mmoja tu. Ni wa yule dada anayepanga matofali juani, ambaye humfunga mgongoni tangu asubuhi kwa sababu hana wa kumwachia. Kumkataza mtoto ni kumfukuza mama. Tofali alilijua hilo, nasi tulilijua, na mvua zilikuwa karibu, matofali yasingengoja.

— Nitavunja kesho mapema, alisema. Huyo dada nitamwambia mwenyewe. Sijui nitaanzia wapi.

Wembe, kinyozi wetu, hakuwahi kuona huzuni asiitilie methali.

— Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Wahenga hao. Sasa kama mtoto ameisha mzimamzima, basi hawakuwa wanajuana.

— Methali hiyo haizungumzii chakula, alisema Mwalimu.

— Mwalimu, imetaja kula. Ulitaka izungumzie nywele?

Mwalimu amestaafu, lakini bado huweka kikombe chini kabla ya kufundisha. Alituambia kwamba zamani, zamani isiyo na kalenda, binadamu hawakuwa wa aina moja. Walikuwapo wafupi kama watoto wa shule, na wengine wanene wa mifupa, wenye paji lililojitokeza juu ya macho. Walijua moto. Wako wataalamu wanaodhani kwamba babu zetu walikutana nao, na kwamba hadithi za mazimwi na vibwengo huenda ni kumbukumbu zao zilizopinda kwa kupita midomo mingi. Aliongeza kwamba hayo ni makisio, hakuna aliyekuwapo. Mimi nilikumbuka chungu cha zimwi katika hadithi za bibi.

Wembe alijipiga paja. Alisema kumbe mazimwi ni watu waliochelewa kupata kinyozi. Baada ya kikombe kingine akagundua kwamba hawakufa, walinyolewa tu wakahamia mjini. Mwisho akatuhakikishia kwamba anao wateja wawili ambao akimaliza kuwanyoa kisogo, akifika kwenye paji kisogo kimeshaota tena, na mmoja wao ni mkwewe.

— Ndiyo maana wakasema damu nzito kuliko maji. Nyembe zangu zinakwisha upesi.

Tofali hakucheka. Alikuwa akiitazama mikono yake kama mtu anayejaribu kukadiria uzito wa jembe.

Hapo ndipo Kisigino alipoweka chini kiatu alichokuwa akikishona. Huyu fundi viatu huzungumza kwa nadra. Hutazama soli ya mtu kabla ya uso wake, akakuambia ni goti gani linakuuma. Kumbe mchana, sisi tukiwa usingizini, alikuwa amesikia habari kwa vijana, akashuka shimoni na kijiti chake cha kupimia.

— Namba thelathini na nne, alisema. Upana wake sina kalibu ya kiatu ya kuutosha. Mzee Tofali, wewe umeziangalia zile za baada ya mtoto kupotea?

— Nimeona zinaendelea.

— Zinaendelea vipi? Kabla ya pale, kila mguu umekanyaga sawa. Baada ya pale hatua zinafupika, kisigino kinazama, na mguu wa kushoto unalalia upande wa nje. Hatua saba hivi. Kisha uzito unahamia kulia.

Alikiokota kile kiatu, akakigeuza soli juu.

— Aliyekula, tumbo lake liko katikati, akaendelea. Halihamii kulia likichoka. Mimi nawatengenezea viatu kina mama kila siku. Huyu alimnyanyua mtoto akambeba kiunoni, mkono ukachoka, akambadilisha upande. Basi.

Mwalimu alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

Hatukumwona dada anayepanga matofali alipofika. Alikuwa amekuja kuuliza kama kesho kuna kazi, akasimama nyuma ya ubao na mtoto amelala mgongoni, akasikia yote. Wembe alimsogezea nafasi. Hakukaa.

— Walifika? aliuliza.

Tofali alimjibu kwamba nyayo zinaingia kwenye ukuta wa udongo, upande ule ambao haujachimbwa. Wembe alisema basi tuchimbe, tujue. Walikuwa wakienda wapi, walikuwa wakikimbia nini, huyo mama alikuwa mtu wa namna yetu au wa namna ile nyingine, kulikuwa na mtu akiwangoja na moto: hakuna mmoja wetu aliyeweza kumwambia chochote.

— Msichimbe, shemeji, dada huyo alimwambia Tofali. Waacheni waende.

Ikaamuliwa hivyo, bila kura. Upande ule hautaguswa. Udongo utachukuliwa upande wa juu, ambako una mawe na kazi itakuwa ya taabu zaidi. Mwalimu ataandika barua kwa watu wa makumbusho. Mpaka waje, nyayo zifunikwe mchanga laini na mikeka juu yake. Kisigino atawaeleza vijana, kwa sababu wote wamevaa viatu alivyovishona yeye. Na mtoto atakuja kazini na mama yake kama siku zote.

Asubuhi yake nilikwenda kuona. Tofali mwenyewe alisukuma toroli, safari sita, hakumtuma mtu. Vijana walisimama ukingoni wamekunja mikono, mpaka yule aliyekuwa wa kwanza kulitaja zimwi akateremka akachukua chepe. Lakini mchanga wenyewe aliutandaza yule dada, amepiga magoti, kwa viganja, polepole, hatua baada ya hatua. Alipofika pale nyayo ndogo zinapoishia, alimshusha mtoto wake akamkalisha pembeni, akaendelea.