Inspekta na Feni Iliyotazama Chini

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, fundi wetu wa kompyuta, mama tunayemwita Inspekta, anastaafu Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu. Nimeombwa kuandika haya kwa sababu meza yangu imepakana na karakana yake. Yeye, najua, anashuku kuna sababu nyingine.

Aliajiriwa kuhudumia mashine za kuchapa, akajifunza kompyuta kwa kuzifungua, na leo hakuna mashine jengoni ambayo hajailaza ubavu akaichungulia tumboni. Kwake kila kitu ni mshukiwa. Nikimwambia kompyuta yangu imegoma, huitazama mashine mara moja, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu. Kusema kweli, mara nyingi mkosaji huwa mimi.

Jambo moja tu halikuwa na mjadala. Pawasaplai, kile kisanduku cha kupokea umeme kinachokaa chini ndani ya kasha, sharti ifungwe feni ikitazama chini, ivute hewa baridi kupitia matundu ya chini ya kasha. Aliyeifunga feni juu alifunguliwa kesi.

Ndipo kompyuta za masijala zikaanza kujizima zenyewe kila mchana. Inspekta akapima nyaya, akapima soketi, kisha akaanza kupima watu. Jicho likamwangukia dada wa usafi, aliyepita pale kila siku na mashine yake ya kufyonza vumbi.

"Mwanangu, ni wewe unayechomoa nyaya zangu?"

"Mama, mimi hata sizigusi!"

Hakuamini. Alimshtaki kwa meneja, na meneja akamwambia yule dada asirudi tena kazini.

Mchana huohuo, dada akiwa stoo anakusanya vitu vyake, kompyuta zikajizima tena. Inspekta akalala kifudifudi sakafuni, sisi tumemwinamia kama watu wanaotazama ajali. Akajaribu kupitisha vidole chini ya kasha. Havikupita. Kapeti nene lilikuwa limemeza miguu ya kasha na kuziba matundu yote. Feni ilikosa hewa, pawasaplai ikachemka, ikajizima isije ikaungua.

"Nani aliyeagiza kapeti hili?" akauliza kwa sauti ya hakimu.

Tukatazamana. Karani mmoja akajitoa mhanga: "Si wewe, Inspekta? Ulisema kelele za viti zinakuzuia kusikia feni."

 Inspekta akainuka bila hata kujipangusa, akaenda kumwambia meneja kwamba mkosaji amepatikana, na ni yeye, hivyo dada arudishwe kazini; meneja akakubali. Kutoka hapo akaenda stoo, akamwomba dada radhi mbele yetu sote.

"Nimekusamehe, mama. Ila leo hilo kapeti unalifyonza wewe."

Akalifyonza. Halafu akazigeuza pawasaplai zote za masijala, feni juu, zivute hewa ya ndani ya kasha. Hazijajizima tena. Vyumba vya vigae bado ni feni chini, lakini siku hizi hukagua sakafu kwanza ndipo ashike bisibisi.

Wanaoshuku wenzao tumefanya nao kazi wengi. Anayejiweka mwenyewe miongoni mwa washukiwa, na akijikamata hajiachii, tumempata huyu tu.

Inspekta, hotuba ya kukuaga itatolewa na dada wa usafi. Ameiomba mwenyewe, na amekataa katakata kutuonyesha atakachosema. Keti usikilize, kisha nenda ukapumzike kwa afya na amani. Asante kwa yote, mama yetu.