Nyimbo za Dan Komora wa Kivuko cha Garsen

Wachungaji wetu, wazee wa Hewani, shemeji zetu mliotoka Idsowe, majirani na waombolezaji wote, mimi ni Charity, dada mdogo wa marehemu, na nimepewa karatasi hii si kwa sababu nasoma vizuri kuliko wengine, bali kwa sababu wifi yangu Jumwa, mjane wake, alisema nisiposoma mimi basi isisomwe, na akanikanya nisifiche kitu, kwa hivyo mkisikia la kuwashtua, mjue yeye amelisikia kwanza na ndiye aliyetaka mlisikie.

Marehemu Dan Komora alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 hapa hapa Hewani, mtoto wa tatu kati ya sita, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, na mara kadhaa alitolewa nje ya darasa kwa kuimba wakati wa hesabu. Alipomaliza darasa la saba baba alimhitaji shambani, akalima mpunga na migomba, akaimba kwaya kila Jumapili, mpaka Juni 1975 alipoajiriwa kivukoni Garsen kuwa mvuta kamba.

Vijana mliozoea daraja, pantoni ile ilikuwa haina injini, ilivutwa kwa kamba, kwa mikono ya wanaume, na wanaume hao walivuta kwa kuimba. Ilikuwa desturi yao kwamba bibi harusi yeyote anayevuka avuke na wimbo wake mwenyewe, wenye jina lake na jina la kwao, uanze pantoni inapoondoka na uishe inapogusa ng'ambo, na wageni waliomsindikiza, hata wawe waimbaji hodari namna gani, wanyamaze, kwa sababu majini ni zamu ya wavuta kamba. Mtunzi wa nyimbo hizo kwa miaka mingi alikuwa kaka yangu.

Mwaka 1977 alimpenda Lydia wa Chara, binti aliyekuwa akivuka kuleta samaki wakavu sokoni, akamtungia wimbo uliosema maji ya Chara ni matamu kuliko yetu, uongo mtupu, maana ni mto huo huo mmoja na wao wanayapata sisi tukishayachafua. Akatunga wa pili, na wa tatu, nasi nyumbani tukajua huyo ndiye. Lakini wazazi wa Lydia walikuwa wamempata mwalimu wa Hola, na tarehe 12 Desemba 1981 Lydia alivuka akiwa bibi harusi wa mtu mwingine, na aliyekuwa kwenye kamba, zamu yake, ni Dan. Angeweza kuomba ruhusa siku ile, hakuomba. Alimwimbia wimbo wake wa nne, nami nilikuwa pale, na sijawahi kuona harusi inalia kama ile. Wimbo huo ulienea mpaka Kipini, na miaka mingi baadaye wanawake waliuimba sokoni wakipepeta mchele.

Tarehe 18 Agosti 1984 marehemu alifunga ndoa na Jumwa, binti wa mzee Dzombo wa Idsowe. Hapa ndipo lilipo jambo lenyewe. Wavuta kamba walijua mtunzi ni Dan, wakangoja awaletee wimbo, na Dan, akiwa na suti ya kuazima huku Hewani, alijua mwanamume hamtungii bibi yake mwenyewe, akaamini wenzake wametunga, na kina mama wa Idsowe waliokuja na kayamba zao waliambiwa kama kawaida kwamba majini si zamu yao, wakaziweka chini. Kila mmoja alikuwa amemtegemea mwenzake. Jumwa akavushwa kimya, kamba ikilia peke yake, bibi harusi wa kwanza na wa mwisho kuvuka Garsen bila wimbo.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Winfred aliyezaliwa tarehe 3 Oktoba 1985 na Oliver aliyezaliwa tarehe 21 Mei 1988, na wajukuu watano. Daraja lilipokamilika na pantoni kusimama, marehemu alirudi shambani na kuwa mwalimu wa kwaya, akaendelea kutunga. Alitungia watoto wake, timu ya mpira, kikundi cha wafugaji wa kuku, na wifi yangu alikuwa akiniambia, kwa mzaha ambao haukuwa mzaha, kwamba hata kuku wa Hewani wana wimbo ila yeye. Kaka yangu aliishi naye vizuri, hilo sote ni mashahidi, lakini kila Jumwa aliposikia ule wimbo wa nne sokoni alifunga kikapu akaenda zake, kwa miaka arobaini aliamini kwamba nafasi ya wimbo wake moyoni mwa mumewe imekaliwa na Lydia, na hakuuliza, kwa kuogopa jibu.

Mwaka 2019 marehemu aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa sukari, mwaka jana figo zikadhoofika, akawa anapelekwa Malindi kusafishwa damu mara mbili kwa wiki. Tarehe 16 Januari mwaka huu, wa 2025, asubuhi, daktari alituambia kwa upole tuseme naye yaliyo muhimu. Mimi nikataka kuanza sala, Jumwa akaniwekea mkono begani, akamuuliza.

"Baba Winfred, mbona mimi hukuniimbia?"

Kaka yangu akamjibu.

"Nilijaribu, Mama Winfred. Wiki ile ile ya harusi, nilipoambiwa ulivuka kimya, nilijaribu. Kila nikikaa, unakuja ule wa Lydia na jina lako juu yake. Sikutaka kukuvisha nguo ya mtu. Nikaona heri uvae yako, hata kama ni kimya."

Akaongeza kwamba tangu mwaka ule hakutunga tena wimbo wa mapenzi, wa Lydia wala wa mwanamke yeyote, na kwamba Lydia mwenyewe alimtoka moyoni pole pole, asijue ni mwaka gani, mpaka siku moja aliusikia wimbo ule sokoni akaona kama umetungwa na mtu mwingine, lakini kufikia hapo aliona aibu kuanza kumtungia mkewe. Daftari lake ninalo, nimelipitia ukurasa kwa ukurasa, ni kweli, baada ya 1984 ni za maharusi wa kivukoni, kwaya, watoto, mpira na kuku.

Jumwa alimtazama, nami nikaogopa, maana jibu lile lingeweza kumuumiza mwanamke yeyote. Alicheka. Akasema maneno hayo angepewa mapema asingengoja wimbo, akamfunika miguu, akakaa kwenye kiti na kusinzia hadi wakati wa chakula, akikoroma, na kaka yangu akatuashiria tusimwamshe.

Marehemu alituacha Jumamosi tarehe 8 Februari 2025, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa mkewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Malindi waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliotupikia na kutuchotea maji wiki nzima, kwaya yake, na wavuta kamba wenzake wawili waliobaki, ambao juzi walikuja kwa Jumwa, wazee wenye mvi, wakaomba msamaha na kusema wako tayari kumtungia sasa wimbo wake. Wifi yangu aliwashukuru, akawapa chai, akawaambia waache, hauhitaji tena.

Kaka, pumzika kwa amani, moyo wa Jumwa nao umekwisha kupumzika.