Goti Nililolificha kwa Pombe

Asanteni, wenzangu tulioacha pombe, kwa kunipa nafasi. Wengi hapa mnanijua kama mtu asiyekaa mahali. Leo nieleze nilikopitia.

Nilitoka Tanga na begi moja na raba mpya. Siku mbili za basi hadi Katesh, kisha nyuma ya lori la mbegu, vumbi mpaka kwenye meno, Mlima Hanang uko palepale kana kwamba hatusogei. Shamba la ngano la serikali lilikuwa na timu ya mpira wa kikapu, nami niliajiriwa kuichezea. Kwenye karatasi niliandikwa karani wa ghala. Kazi yangu ilikuwa kuruka.

Uwanja wetu ulikuwa sakafu ya saruji ya kuanikia ngano. Msimu wa tatu niliteleza juu ya punje zilizobaki, goti likalia. Sikumwambia mtu. Mchezaji asiyeruka hunyang'anywa nyumba ya shamba, na mimi nilishaapa sirudi nyumbani mikono mitupu.

Ndugu zangu, nawaambia jambo la aibu. Nilianza kunywa ili watu wakiniona nachechemea waseme, "Huyo kalewa tena." Nikacheza hivyo msimu mzima. Kisha nikawaomba wakubwa umeneja wa timu, nikidai nimechoka kucheza. Wakanipa. Pombe nikabaki nayo. Kila asubuhi nilikaa kitandani nimelishika goti kwa mikono miwili, nikitamani nisingeamka. Msicheke, ninyi wa nyuma. Asubuhi hiyo mnaijua.

Tukapata mchezaji hodari, kijana wa wafugaji wa tambarare. Karibu na mashindano goti lake likavimba. Nami, pamoja na yote niliyoyajua, nikamwambia, "Funga bandeji, ingia."

"Meneja, halikunjiki."

"Wakubwa wanataka kombe. Utapumzika baadaye."

Kesho yake mama yake akaja kwa miguu. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Hakuitikia. Mtu mzima akikataa shikamoo yako, amekwisha kukuhukumu. Alitazama jinsi ninavyosimama.

"Wewe hujalewa," akasema. "Unaumwa. Ng'ombe akichechemea hivyo, sisi hatumsukumi. Mwanangu akikosa miguu, nani atafuata ng'ombe wetu? Wewe?"

Nilichukua kalamu. Nikafuta jina la kijana kwenye orodha. Wakubwa wakaniuliza sababu, nikasema anaumwa na hachezi. Tukafungwa vibaya. Nikavuliwa umeneja, nikaambiwa niache nyumba.

Namshukuru yule mama, ingawa hakunipenda. Nawashukuru ninyi mlionivumilia siku zangu za kwanza bila pombe, nikitetemeka hapa mbele yenu. Ninalowaomba ni dogo: maumivu yako mwambie mtu, kabla hujaanza kumgawia mwenzako.

Siku niliyoondoka moja kwa moja, lori la ngano lilikuwa likienda Babati. Nilikuwa sijaonja pombe tangu jana yake. Dereva, mzee wa kijiji cha Daudi, akanionyesha juu ya magunia.

"Shikamoo, mzee. Siwezi kupanda. Goti langu ni bovu, mwaka wa pili sasa."

"Marahaba. Mbona nimekubeba huko juu mara nyingi, hujasema?"

"Nilikuwa naogopa."

Akaondoa koti lake kwenye kiti cha mbele. "Kaa hapa," akasema. "Nyoosha mguu."