Sista Nawa Anatuachia Sabuni Mlangoni

Tarehe 30 Juni, Sista Nawa anavua sare yake baada ya miaka thelathini na mmoja katika hospitali yetu. Jina la kuzaliwa liko kwenye faili, sisi tulishalisahau. Toka afike, neno lake la kwanza kwa kila mtu, awe mganga mkuu au muuza magazeti, ni hilohilo: nawa.

Nimepewa kuandika haya mimi, dereva wa gari la wagonjwa. Shule sikumaliza, lakini dunia nimeizunguka, na kwa maneno hapa hospitalini hakuna anayenifikia.

Alianzia wodi ya majeruhi. Kila asubuhi alipita akipiga teke magurudumu ya vitanda kuona kama breki zimeshika. Sindano ikishatumika ilikwenda moja kwa moja kwenye sanduku lake gumu, hakuna cha kuirudishia kifuniko. Korido ikiwa mbichi, aliweka kiti katikati na kukikalia mwenyewe mpaka pakauke. Mimi alinifundisha kunyanyua mgonjwa kwa nguvu ya miguu, si ya mgongo. Ndiyo maana kiuno changu bado kinawashinda vijana wenu kwenye muziki.

Kisha akahamia wodi ya watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Binti yangu alikuwa mmoja wao, mdogo kama soli ya kiatu changu, na wiki hiyo kikohozi kibaya kilikuwa kimeenea mtaani. Mama mkwe akashuka kwenye basi na vumbi lake la safari, bangili hadi karibu na kiwiko, akaja mbio mbio mpaka mlangoni. Sista akamzuia. Mimi, bingwa wa kupita malori kwenye mlima, nikajibanza nyuma ya pazia.

"Nimezaa tisa, wote wazima!" mama mkwe akanguruma. "Wewe ndiye wa kunifundisha kumshika mjukuu?"

"Shikamoo mama. Unajua kulea kunishinda. Ila huyu bado hana nguvu ya kupigana na vijidudu, na chini ya bangili ndiko vinakojificha. Tuzitoe, kisha unawe, umkumbatie."

Bangili hazikuwa zimetoka tangu harusi yake. Sista akapiga magoti, akampaka sabuni, akazitelezesha moja moja, taratibu, kama anayembembeleza mtoto. Ya mwisho ilipotoka, mama mkwe alikuwa analia. Na pazia langu nalo lilikuwa limelowa, sijui kwa nini.

Binti huyo sasa ananizidi urefu.

Siku ya kuagana, mama mkwe ameshaomba zamu: atakaa mlangoni mwa ukumbi na ndoo ya bomba na sabuni. Bangili ataziacha nyumbani. Mgeni rasmi ajiandae.

Asante, Sista, kwa wote tuliotoka hapa wazima. Kaipumzishe hiyo mikono, uchape usingizi mpaka jua likuchoke. Na jirani akikuletea kichanga chake ukibebe, tunajua neno utakaloanza nalo.