Nafasi ya Barnabas Kadenge, Katibu wa Chama cha Kuzikana

Marehemu Barnabas Kadenge alizaliwa tarehe 14 Machi 1948, Kizurini, Kaloleni. Alisoma huko huko hadi darasa la saba, karo ikakatika. Mwaka 1969 alishuka Mombasa akaajiriwa karani wa godauni Shimanzi, na hapo ndipo alipokuwa hadi maradhi yalipomtoa.

Tarehe 7 Disemba 1974 alifunga ndoa na Mercy Mbeyu, kanisani Ganjoni. Mchungaji alipomuuliza kama anakubali, aliomba asomewe kiapo chote tena. Ndivyo alivyokuwa, hakutia saini jambo asilolielewa.

Mwaka 1992 mwenzake wa kazini alizikwa hapa kisiwani kwa kukosa wa kumfikisha kwao. Barnabas hakulala. Yeye na wenzake wakaanzisha chama cha kuzikana, akawa katibu. Lakini hakuna mwenye lori la kubeba maiti anayefanya mkataba na chama kisicho na cheti cha usajili, na cheti kinataka katiba pamoja na viongozi watatu: mwenyekiti, katibu na mweka hazina.

Hapo ndipo tulipojiponza. Mwenyekiti, Mzee Jefwa, alifariki kabla ombi halijapelekwa, na kwetu nafasi ya marehemu haikaliwi mpaka matanga ya mwisho yaishe. Tukapeleka jina lake. Barnabas, asiyejua uongo, akaandika kando yake "marehemu". Afisa wa ofisi ya usajili akamrudishia karatasi: "Mzee wangu, maiti ataongozaje chama?" Tulipopata mwenyekiti mpya, mweka hazina naye akatutoka. Tukangoja tena, wajinga sisi.

Sukari ilimshika mwaka jana, ikamla miguu, naye akawa bado anapanda ngazi za ofisi ile kwa mkongojo. Alifariki Jumatano, tarehe 19 Juni 1996. Leo tunamzika Mbaraki, si Kaloleni, kwa kuwa chama chake mwenyewe hakikuweza kumpeleka. Inauma, jamani. Inauma mno.

Kitandani alimwambia dadake Mbodze, anayewasomea haya: "Dada, musiningojee. Mukiningojea miye, na chama mutakizika."

Ofisi imesema ombi letu litafutwa Jumatatu likikosa jina la katibu aliye hai.

Ameacha mjane, watoto wawili, Kenneth na Stacy, dada mmoja, na nafasi ya katibu. Anayeikubali asimame sasa, kabla ya udongo. Asiposimama mtu, Mercy Mbeyu amesema atasimama yeye, na mila imlaumu. Hapo ndipo tutakapothubutu kumwambia Barnabas apumzike kwa amani.