Mnazi wa Mwatum

Kahawa ya alasiri pale kona ya soko, Chake, ilikuwa na wenyewe. Matano waliyemwita Wakili, ingawa hajashinda kesi hata ya kuku. Kificho aliyeitwa Dunia Nzima, maana hakuna asilolijua. Na Mjaka, ambaye siku hiyo kikombe kilimpoa mkononi. Juzi kibanda cha dadake, Mwatum, kilibomolewa. Ada yajulikana: kwenye ardhi ya mtu jenga, lima muhogo, ila mti wa kudumu usipande, mti ni madai. Naye Mwatum alizika kitovu cha mwanawe akapanda mnazi juu yake, kama mama yeyote. Mtoto akafa, mnazi ukashika. Bwana Badar, mwenye kiwanja, akataka ung'olewe, Mwatum akakataa.

— Si kapata chumba misheni? Wakili akasema. Padri kampa bure.

— Bure! Dunia Nzima akaguna. Leo chumba, kesho jina. Utasikia Mwatum kawa Maria.

— Ndo wahenga wakasema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Hapo yaingiaje?

— Si ataambiwa ainame asali!

— Na wakilala, vitanda vyote vyaelekezwa Ulaya. Ndoto zao zasomwa huko huko, wallahi!

— Nyamazeni! Mjaka akafoka. Ningempokea miye, nduguye. Chumba kimoja, watoto watano, na kiwanja cha Badar yule yule. Nimpokee, nasi tutupwe nje?

Roho ilimuuma, akainamisha uso.

Mara Mwatum mwenyewe akatokea, kakumbatia chungu kilichopasuka mdomo. Ndani mna mche wa mnazi.

— Salaam alaykum.

— Alaykum salaam, Bi Mwatum. Misheni waionaje?

— Padri mwema, Mungu amlipe. Chumba hakivuji, wala hajanambia nisali. Lakini ardhi ya misheni nayo haipandwi mti.

— Hawezi kwenda kusema na Badar? Mjaka akauliza.

— Nilimwomba. Kasema yeye hutoa chumba. Mambo ya ardhi si ya kanisa.

Akakishusha chungu.

— Nimeuchimbua na udongo wake, kitovu humo humo. Kaka, nikaupande wapi?

Mjaka akamtazama Wakili. Wakili akamtazama Dunia Nzima. Wote watatu walikaa kwenye viwanja vya watu. Muuza kahawa akaliinamisha dele, hakikutoka kitu.

Mjaka akasogea, akampisha dadake kwenye benchi. Chungu akakipakata yeye.